Kilichomo Ndani ya Bunduki ya Upepo

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Juni, mjukuu wangu alinijia barazani hapa Soweto, Mbeya, akiwa na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya kaki. Ndani yake mlikuwa na springi mpya, kiongozi chake cha plastiki ngumu, na wosha ya pistoni ya rangi ya buluu. "Babu," akasema, "ile bunduki yako ya upepo leo inafufuka. Tunatoa vya zamani, tunatia vipya, basi." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Neno hilo "basi" nililitamka mimi mwenyewe miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kwamba ndani ya bunduki ya namna hii mmehifadhiwa upepo. Zipo kweli zenye chupa ya upepo, na jeshi la Austria lilikuwa nazo mwishoni mwa karne ya 18. Lakini yangu ni ya springi. Ukiukunja mtutu, pistoni hurudishwa nyuma, springi hubanwa, na jino la kifyatulio huishika. Ukifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa ghafla. Hewa iliyomo ndani ya bomba hubanwa, hupita katika tundu dogo, nayo ndiyo imsukumayo "mgeni" wa risasi nje. Kwa hiyo nguvu yake yote hutoka katika vitu viwili vya kawaida sana, chuma kilichosokotwa na kipande cha ngozi kizuiacho hewa isivuje.

Ngozi na upepo si mambo mageni katika nyanda zetu hizi. Wakinga wa milima ya Makete walisifika kwa uhunzi wa chuma, na mhunzi bila mvukuto wa ngozi ya mbuzi si mhunzi. Huko Ulaya nako, bunduki za kale za springi zilikuwa na mvukuto uliofichwa ndani ya kitako. Pistoni ilikuja baadaye, ikachukua nafasi ya mvukuto, lakini ngozi ilibaki. Hata bunduki yangu ilitoka kiwandani ikiwa na wosha ya ngozi.

Yangu ni Diana, na jina hilo lina kisa chake. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1890 katika mji wa Rastatt, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mitambo yake ilichukuliwa na Waingereza kama fidia ya vita, na bunduki zenye jina la Diana zikaundwa Uskoti. Wajerumani walianza upya mwaka 1950, lakini jina lao hawakulirudisha kikamilifu hadi mwaka 1984. Kwa miaka hiyo yote, mtu aliyetafuta kipuri cha Diana alipaswa kwanza kujua kama bunduki yake ni ya Rastatt au ya Uskoti. Jina la nje lilikuwa moja, ya ndani yalikuwa mengine.

Nilipokuwa nikifundisha somo la historia, nililiona jambo hili hili katika habari za Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa yalikivunja kikosi cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wahehe waliteka bunduki kwa mamia. Wanafunzi wangu walikuwa wakipiga makofi nifikapo hapo. Kisha nikawauliza: mbona basi tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga lilianguka mbele ya mizinga ya von Schele, na bunduki zile hazikuliokoa?

Majibu ni mengi, lakini mimi huanzia ndani ya bunduki. Zile zilikula risasi za maganda ya shaba, ambazo hazifuliwi kwa nyundo na mvukuto. Zikiisha zimeisha. Springi ikikatika, au sindano ya kugonga risasi ikivunjika, karakana yake iko Ulaya. Tena mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara letu, ukaacha mwanya kwa bunduki duni za baruti. Hivyo gobore likabaki mikononi mwa babu zetu, na si kwa kuwa walilipenda. Gobore waliweza kulitengeneza. Fundi alilijua tumbo lake.

Haya niliyajua vizuri darasani. Karakanani niliyasahau.

Ilikuwa mwaka 1982, katika shule moja ya wilaya ya Mufindi, nami nikiwa makamu wa mkuu wa shule. Wazee wenzangu wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na fedha za kigeni za kuagiza vipuri hazikuwapo. Springi ya bunduki, niliyoinunua kihalali kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao, ilikatika. Dereva mmoja wa lori akaniletea nyingine, isiyo na jina wala kipimo. Ilikuwa ndefu kuliko ya zamani kwa vidole vinne, na nene zaidi. Nilifurahi sana. Nilidhani springi nene ni nguvu nyingi.

Mwalimu mwenzangu, aliyefundisha ufundi, aliikunjua mkononi akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii si yake." Nikamjibu, "Tuitie tu, basi." Hatukuwa na kibano. Nililisukuma bomba kwa kifua changu, yeye akishika kizibo cha nyuma ili atie pini. Niliteleza. Kizibo kiliruka pamoja na springi, kikavunja vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Viliunga vikiwa vimepinda. Tangu siku hiyo alijifundisha kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza watoto walicheka, wiki ya pili wakaacha.

Jioni ile nilifungua kitabu cha kumbukumbu za shule, ambacho kuandikwa kwake kulikuwa wajibu wangu, nikaandika kwamba mwalimu ameumia akitengeneza dawati. Niliogopa kuulizwa bunduki ilifuata nini katika karakana ya shule.

Basi, nilimwambia mjukuu wangu tusianze kutia kitu, tuanze kupima. Kibali cha bunduki ninacho, na kibano kirefu cha seremala sikukikosa safari hii, maana hata bunduki isipokokiwa springi imo ndani imebanwa. Tulifungua polepole, tukitoa nafasi kidogo kidogo hadi springi ikalegea yenyewe. Tulilisafisha bomba kwa kitambaa, tukatafuta kwa ncha ya kidole kingo kali za mwanya ambamo mkono wa kukokia hupita. Kingo hizo tulizipitishia tupa na msasa, kwa sababu wosha mpya hupita juu yake wakati wa kuingizwa, na ikichanika hapo imekwisha kabla ya kazi.

Springi tuliiviringisha juu ya kioo kuona kama imenyooka, tukang'arisha ncha zake. Kiongozi tulikijaribu. Kikilegea, bunduki hulia kama gitaa bovu. Wosha ya buluu ilibana mno, tukaipunguza kwa msasa laini, tukijaribu na kutoa, hadi pistoni ikawa inasogea kwa kusukumwa na mkono lakini haianguki kwa uzito wake. Grisi tulipaka ya kung'aa tu. Mafuta yakizidi mbele ya pistoni, hewa iliyobanwa huwa ya moto kiasi cha kuyawasha, kama ifanyavyo injini ya dizeli, na bunduki hutoa moshi na kujiharibu.

"Sasa Babu, kwa nini wasiuze springi kali zaidi?" akauliza. Nikamwambia wanauza. Lakini bomba lina ujazo wake, na pistoni ina mwendo wake. Kuzidi hapo, nguvu haiendi kwenye risasi, inarudi kuvunja bunduki. Na mizunguko ya springi ikigusana kabla jino halijashika, springi hiyo si yake, hata ukiipenda vipi. Ndipo nikamsimulia habari ya vidole viwili. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Naye, Babu, alikusamehe?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwahi kumwomba.

Mwezi uliofuata tulipanda basi kwenda Iringa, anakoishi tangu astaafu. Tulimkuta kibarazani akimenya maharage kwa mkono wa kushoto. Baada ya salamu na chai nikamweleza yote: kwamba nililazimisha, kwamba niliteleza mimi, na kwamba niliandika uongo kitabuni. Aliweka kikombe chini, akanitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "kitabu kile nilikisoma mwaka ule ule. Dawati lile lilikuwa na springi kali kweli." Akacheka, nami nikacheka, lakini macho yangu yalilowa. Kisha akamwita mjukuu wangu, akamshikisha vile vidole vilivyopinda, ajue historia inavyokuwa ikishikwa kwa mkono.

Kitabu kile cha shule sijui kama mchwa wamekibakiza. Kama kipo, asomaye ataona dawati, naye ataamini, kwa kuwa mwandiko ni mzuri na muhuri upo. Ndivyo kumbukumbu nyingi zilivyo. Nje zimeng'aa, na aliyeumia yuko ndani. Wahenga walisema, njia ya mwongo fupi, lakini yangu ilidumu zaidi ya miaka arobaini. Kwa hiyo naandika hapa, kwa mkono wangu, ili wajukuu wangu na wake wasome: halikuwa dawati. Ilikuwa springi isiyo yake, na aliyeilazimisha ni mimi.