Thimlich Ohinga: Maboma ya Mawe ya Migori

Mlango wa boma la Kochieng ni mfupi. Mtu mzima huupita ameinama, kichwa kikitangulia, na juu yake yamelazwa mabamba ya mawe yanayobeba uzito wa ukuta. Wajenzi walikusudia iwe hivyo. Mvamizi aliyeingia akiwa ameinama hakuwa na nafasi ya kuinua mkuki, ilhali ndani, kando ya mlango, paliachwa mahali pa mlinzi kusimama na kumngojea.

Kochieng ndilo kubwa kati ya maboma manne makuu ya Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, magharibi mwa Kenya. Mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Yote yamebeba majina ya wenyewe: Ochieng, Akuku, Oketch, Oluoch, sawa na mtu wa pwani anavyoelekeza mgeni kwa Juma au kwa Mfaki. Kabla ya kuwa makumbusho, hapa palikuwa nyumbani kwa watu, na hilo ndilo linalopatofautisha na vijiji vingi vya maonyesho.

Makumbusho ya wazi yalianza kujulikana duniani kupitia Skansen, aliyoifungua Artur Hazelius mjini Stockholm mwaka 1891. Huko nyumba za wakulima zilifunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa na kusimamishwa upya mahali pamoja. Afrika Mashariki ilichukua njia inayokaribiana na hiyo. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kina nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali ya Tanzania, na Bomas of Kenya ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1971, ina miji ya mfano ya makabila ya Kenya. Ni kazi nzuri, na maelfu ya watoto wa shule wamejifunza humo. Lakini nyumba ya mfano haina shamba lake wala kisima chake, na hakuna jirani aliyewahi kugombana na mwenyewe juu ya mpaka. Thimlich haikuhamishwa. Kilichohifadhiwa ni kijiji cha wafugaji na wakulima palepale kiliposimama.

Kuta zake zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Waliozijenga hawakutumia udongo wala chokaa kuunganisha mawe, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Ukuta una sehemu tatu. Uso wa nje na uso wa ndani vilijengwa kila kimoja peke yake, kisha katikati ikatiwa sehemu ya tatu inayovishikanisha. Kila jiwe hubanwa na jirani zake. Unene ni wastani wa mita moja, na kimo ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Tena ukuta haunyooki. Unapinda huku na huku, na palipohitaji nguvu zaidi pameongezwa nguzo za mawe za kuegemeza. Asiyejua kazi ya uashi anaweza kudhani fundi alikosa kamba ya kunyooshea. Ukuta mkavu ulionyooka huanguka upesi kuliko uliopinda, na fundi wa Thimlich alilijua hilo.

Maboma ya namna hii yalikuwa mengi. Watafiti wameorodhesha sehemu 138 zenye majengo 521 katika eneo lililokuwa likiitwa Nyanza Kusini. Mengi yamebomoka, au mawe yake yamechukuliwa kujengea vitu vingine. Thimlich imesalia ikiwa kubwa na nzima kuliko zote.

Ndani ya kuta kuna alama za maisha ya kila siku. Zipo duara za misingi ya nyumba, mazizi, mawe ya kusagia nafaka na sehemu zilizotengwa kwa bustani. Kuna mahali palipofanyiwa kazi ya chuma. Kuna pia bao lililochimbwa kwenye mwamba, vishimo vyake vikipangana tayari kwa kete. Wajaluo huuita mchezo huo ajua. Shanga za kioo zilizopatikana katika uchimbuzi zinaonyesha kwamba biashara ya mbali ilifika hadi huku, ng'ambo ya milima, mbali kabisa na bandari za pwani.

Nyumba zenyewe hazipo. Zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo havidumu karne nne. Kwa hiyo mgeni anayetarajia kuona kibanda chenye chungu mekoni atasikitika kidogo. Atakachokiona ni mpangilio: zizi liko wapi, nyumba ziko wapi, nani alilala karibu na mlango. Mpangilio huo una jamaa zake walio hai katika mji wa Kijaluo, ambako nyumba ya mke wa kwanza huelekea lango, za wake wengine hupangwa pande zake mbili, na vijana wa kiume hujenga simba, yaani vibanda vyao vya ujana, karibu na lango. Mzee wa Migori hahitaji kibao cha maelezo ili aelewe Kochieng.

Waliokaa hapa hawakuwa ukoo mmoja. Wasemaji wa lugha za Kibantu na za Kiniloti walipokezana, mmoja akihama na mwingine akiingia. Jambo la ajabu ni kwamba waliokuja nyuma hawakubomoa ili wajenge yao. Walitengeneza palipoporomoka, wakaongeza walipotaka, kwa ufundi uleule. Kuta hizi zimesimama kwa sababu kila kizazi kilizirekebisha. Bila mkono wa fundi, ukuta usio na chokaa hauna maisha marefu. Hali ya usalama ilipobadilika wakati wa ukoloni, haja ya kujifungia ndani ya mawe ikapungua. Familia zikatawanyika kwenye mashamba yao na kuzungushia miji yao ua wa minyaa. Hata hivyo watu waliendelea kukaa hapa hadi katikati ya karne ya 20.

Baada ya hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mji ukihamwa, msitu hurudi. Mizizi hupenya kati ya mawe, mifugo hupanda, mvua hulegeza, na jiwe moja likitoka mengine hulifuata. Serikali ya Kenya ilipatangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1981, na leo pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund lilipaweka katika orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO ilipaandikisha kuwa Urithi wa Dunia, pa saba nchini Kenya. Eneo lililoandikishwa ni hekta 21 tu.

Cheo hicho kilileta sifa na wageni, nao wageni wana uzito wao: ukuta uliostahimili karne nne unaweza kuporomoshwa alasiri moja na vijana wanaopanda juu kupiga picha. Barabara nzuri na jengo la kupokelea wageni ni mambo ya maana, lakini havishikilii jiwe. Kinachoishikilia Thimlich ni watu wachache wa vijiji vya jirani wanaojua jiwe lipi likae juu ya lipi. Fedha za ukarabati zinapopatikana, mafundi hao walipwe kwanza, na kila mmoja apewe vijana wawili watatu wa kufundisha kazi hiyo kabla hajazeeka.