Koti la Mifuko Minne

Historia ya vazi husomeka katika mishono yake. Koti la mifuko minne lilianza kwa Sun Yat-sen, kiongozi wa Wachina aliyefariki mwaka 1925. Baada ya mapinduzi ya 1949 likavaliwa na wakubwa kwa wadogo. Tangu 1954 hadi 1983 vitambaa vya pamba viligawiwa nchini China kwa kuponi, hata familia nyingi zikajishonea nyumbani, na cherehani ikawa mali ya kutamaniwa na maharusi.

Waziri Mkuu Chou En-lai alipozuru Tanzania mwaka 1965, vazi hilo lilikuja naye; wengi wakaliita kwa jina lake, na Mwalimu Nyerere alivaa la namna hiyo.

Atakaye kulishona leo na alifumue koti kuukuu taratibu, alaze kila kipande juu ya karatasi, akichore, kisha aongeze nafasi ya mshono. Kola ndiyo mtihani: isipotiwa kitambaa kigumu ndani, hulegea. Tukiligeuza koti hilo matambara kabla ya kulisoma, tutakuwa tumezika pia maarifa ya mikono iliyolikata.