Herufi za Karatu zilizobaki nje ya usanifu

Tloma, Qurus, Slahhamo. Vibao vya vijiji wilayani Karatu vimebeba majina ya Kiiraqw yenye q, tl, sl na hh, sauti ambazo Kiswahili sanifu hakina na hakijazitafutia herufi.

Usanifu huo una tarehe zake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, pamoja na hazina yake yote ya ushairi, kikawekwa kando. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Ilisawazisha tahajia, ikakagua vitabu vya shule, na mwaka 1939 kamusi zake zikatoka. Mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Wakoloni walitaka lugha moja ya shule na utawala. Walioifanya lugha ya taifa ni Watanganyika wenyewe. Desemba 10, 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, na mwaka 1967 sheria ikaunda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa.

Karatu na Ngorongoro ziliihitaji lugha hiyo kuliko sehemu nyingi. Wairaqw ni Wakushi, Wamasai na Wadatoga ni Waniloti, Wabatemi ni Wabantu, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha ya vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Hawa wote wakikutana kwenye biashara ya vitunguu Mang'ola wanaelewana kwa Kiswahili. Hilo si jambo dogo. Wakurdi, waliogawanywa kati ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria, hawakupata dola ya kuwasanifia lugha. Celadet Alî Bedirxan alianza kueneza alfabeti yake ya Kilatini kwa jarida la Hawar, Damascus, mwaka 1932. Wakurdi wanaozungumza Kisorani wakabaki na herufi za Kiarabu. Hadi leo Wakurdi wanaandika kwa njia mbili.

Kiiraqw nacho hakikupata baraza. Kilipata makanisa na wataalamu wachache. Wilfred Whiteley, aliyewahi kuwa katibu wa Kamati hiyohiyo ya Kiswahili, alichapisha utafiti wake juu ya Kiiraqw mwaka 1953. Mholanzi Maarten Mous akatoa sarufi mwaka 1993. Kisha Mous, Roland Kiessling na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakamilisha kamusi, iliyochapishwa Köln, Ujerumani, mwanzoni mwa karne hii.

Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Lakini ni kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Mtoto wa Tloma anayezungumza Kiiraqw nyumbani na kusoma kwa Kiswahili darasani hawezi kuitumia bila lugha ya tatu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na inahimiza ziandikiwe kamusi na sarufi. Umoja tulioujenga kwa Kiswahili umekomaa kiasi cha kutoogopa q ya Qurus, na taasisi zilizokilea Kiswahili ndizo zenye ujuzi wa kuketi na wazee na walimu wa Karatu, wakakubaliana tahajia moja ya Kiiraqw na kuitolea kamusi yenye maelezo ya Kiswahili.