Celsius, Kiwango cha Kuchemka na Ufundishaji wa Halijoto
Mwaka 1742, mwanafalaki Anders Celsius wa Uppsala, Uswidi, alipendekeza skeli ambayo 0 ilikuwa kiwango cha kuchemka kwa maji na 100 kiwango cha kuganda. Mwaka uliofuata, Jean-Pierre Christin wa Lyon alitumia mpangilio wa kinyume, ambao ndio uliodumu. Kupinduliwa huko, ambako husimuliwa kama kichekesho, si jambo zito zaidi. Celsius alibainisha pia kwamba kiwango cha kuchemka hubadilika kulingana na kanieneo ya angahewa. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94. Mwanafunzi aliyekaririshwa 100 atakilaumu kipimajoto, na mwalimu asiyeijua historia hiyo hana la kumjibu.