Adelina Patti Mbele ya Pembe

Desemba 1905, ndugu wawili, Fred na Will Gaisberg, walisafirisha mashine ya kurekodi kutoka London hadi Craig-y-Nos, jumba lililo katika bonde la mto Tawe, kusini mwa Wales. Mwenye jumba, Adelina Patti, alikuwa na umri wa miaka 62. Kwa miongo kadhaa alihesabiwa kuwa malkia wa opera duniani, lakini hakuwa ametoa santuri hata moja sokoni.

Patti alizaliwa Madrid mwaka 1843, wazazi wake wakiwa waimbaji Waitalia, akalelewa New York. Huko ndiko alikoimba opera jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1859, akiwa na miaka 16, katika *Lucia di Lammermoor*. Mwaka 1861 aliiteka London kwa *La sonnambula* ya Bellini. Mtunzi Verdi mwenyewe alivutiwa naye sana. Edison alipounda fonografu mwaka 1877, Patti alikuwa ameimba opera jukwaani kwa miaka 18. Uimbaji wake ulikwisha kukomaa kabla ya mashine yoyote kuweza kuhifadhi sauti.

Wakati huo maikrofoni hazikuwapo katika kurekodi. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe ya mashine, na nguvu ya sauti yake pekee ndiyo iliyosukuma sindano ichore mfereji kwenye nta. Noti ya juu yenye nguvu ingeharibu mchoro, hivyo kila Patti alipoikaribia, Fred Gaisberg alimvuta nyuma. Bibi huyo, ambaye hakuzoea kuguswa akiimba, alikasirika. Aliposikia matokeo alifurahi kama mtoto. Landon Ronald alimpigia piano mwaka huo wa 1905, na mwaka 1906 Patti akarekodi tena jumbani humo.

Anayeziweka santuri hizo leo kwanza husikia mkwaruzo, kisha uzee: pumzi ni fupi, noti za juu zimepungua, na baadhi ya nyimbo zimeshushwa ili azimudu. Msikilizaji asiishie hapo. Katika “Ah, non credea mirarti”, kutoka opera ileile iliyompa London, sauti ya kati bado ina joto na noti zinashikana bila mshono. Patti hukawiza neno lenye uchungu, huharakisha linalofuata, na huteleza kutoka noti hadi noti kwa uhuru ambao waimbaji wa leo hawajiruhusu mara nyingi. Huo ndio uimbaji walioujua watunzi wa karne ya 19, na karatasi ya muziki haiwezi kuuandika wote.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Santuri za wakati ule hazikuwa na mwendo mmoja. Ikizungushwa kasi kupita kiasi, sauti hupanda na kuwa nyembamba. Ikizungushwa polepole, huwa nzito. Tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo na mtaalamu.

Kampuni iliyowatuma ndugu Gaisberg ndiyo pia iliyorekodi nyimbo za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Mpenzi wa taarabu anayemsikiliza Siti kupitia mkwaruzo wa santuri tayari ana sikio la kumsikiliza Patti. Patti alifariki mwaka 1919. Msikilize mara tatu kabla ya kumhukumu: mara ya kwanza uzoee kelele, ya pili ufuate pumzi, ya tatu usikilize maneno.