Kiongozi Arudipo Kuwa Mchezaji

Waswahili husema: aliye juu mngoje chini. Mara nyingi methali hii husemwa kwa kijicho, kana kwamba kila anayeshuka ameangushwa. Katika makala hii nataka kuonyesha, kwa kutumia historia ya nchi yetu na ya mkoa wetu, kwamba kuna kushuka kwa namna nyingine: kushuka kwa mtu aliyekuwa akiongoza mchezo, akamwachia mwenziwe uongozi, naye akaketi kuucheza. Jambo hili lawahusu wazee wa shule hii walioshika vyeo, na lawahusu zaidi vijana waliomo madarasani hivi sasa.

Sisi tuliokulia Izigo tulilianza somo hili jikoni. Katika nyumba za Kihaya hadithi ya jioni haikuwa mali ya msimuliaji peke yake. Wasikilizaji walimwitikia, wakimtaka aone ili nao wapate kuona. Wasipoitikia, hadithi ililala. Bibi alipompa mjukuu zamu ya kusimulia, yeye mwenyewe aliingia katika kundi la waitikiaji. Hadithi ile aliijua kabla mjukuu hajazaliwa, lakini aliitikia kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza.

Nilipokuwa Chuo Kikuu, Mlimani, nilikuta jambo hilo hilo katika mchezo wa kigeni. Uko mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kuanza kuuzwa mwaka 1974. Mmoja huwa msimamizi: ndiye mwenye ramani, ndiye ajuaye kilichoko nyuma ya kila mlango. Wengine kila mmoja huchukua mtu wa kubuni, askari au mchawi au mwizi, na kusema mtu huyo anafanya nini. Dadu huamua kama amefaulu. Gygax mwenyewe, baada ya kusimamia kwa muda, alimshirikisha kijana aitwaye Rob Kuntz katika usimamizi ili naye apate kucheza, akawa mchawi aitwaye Mordenkainen.

Mimi niliusimamia mchezo huo kwa mwaka mzima, kisha nikarudi kuwa mchezaji. Niligundua mambo mawili. Kwanza, ipo raha ya kutojua kilichoko nyuma ya mlango, na msimamizi hana raha hiyo. Pili, aliyewahi kusimamia anajua jinsi msimamizi anavyotaabika wachezaji wakikaa kimya, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kwanza kusema, “Naufungua mlango.” Hata kama ningeujenga mlango ule kwa namna nyingine, kazi yangu sasa ilikuwa kuufungua.

Sasa tuyatazame mambo makubwa kuliko hayo. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama cha TANU. Aliyeachiwa kiti ni Rashidi Kawawa, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi ambaye hapo awali aliwahi kuwa mchezaji hasa, kwa maana alicheza sinema iliyoitwa Muhogo Mchungu. Mwaka huo huo, tarehe 9 Desemba, nchi ikawa Jamhuri, na Kawawa akawa Makamu wa Rais. Ulipofika Muungano mwaka 1964, Mzee Karume akawa Makamu wa Kwanza, na Kawawa akawa wa Pili. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu kwa mara nyingine.

Lakini nataka tusimame kidogo katika Februari 1977. Mwezi huo Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi chini ya Kawawa tangu 1972, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Kawawa naye akapewa Wizara ya Ulinzi. Viti viwili vilibadilishana watu. Aliyekuwa akiamrisha sasa aliamrishwa, tena na mtu aliyemzidi umri kwa miaka ipatayo 12. Hakususa, wala hakukimbia nchi. Aliishika wizara ile hadi mwaka 1980.

Ng'ambo ya mpaka wetu mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1976 Idi Amin alikuwa ametangazwa Rais wa maisha, yaani msimamizi asiyekusudia kumwachia mtu ramani. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia kwetu, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wakakimbilia kusini, wengine bila hata kubeba kitu. Mimi nilizaliwa baada ya vita hivyo, lakini hakuna mtoto wa Buhaya wa rika langu asiyesimuliwa habari zake.

Jeshi likapanuliwa kutoka askari wapatao 40,000 hadi zaidi ya 100,000, pamoja na mgambo. Sokoine alihimiza mikoa itoe watu na mali. Kawawa alikuwa Wizara ya Ulinzi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka huo mkoa wetu wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Sisemi kwamba ushindi uliletwa na viti viwili kubadilishana. Ushindi ulikuwa wa askari, wa mgambo, na wa wananchi waliotoa magari, ng'ombe na vyakula. Ninachosema ni kwamba Waziri wa Ulinzi anayemnunia Waziri Mkuu wake ni hatari kubwa wakati adui amekwisha kuvuka mpaka.

Desturi hiyo haikuishia kwa Kawawa. Cleopa Msuya, Waziri Mkuu tangu 1980, alimpisha Sokoine mwaka 1983, akawa Waziri wa Fedha chini yake. Mwaka 1994 akarudi kuwa Waziri Mkuu. Salim Ahmed Salim, Waziri Mkuu wa 1984 na 1985, alikuwa baadaye Waziri wa Ulinzi katika serikali iliyokuwa na Waziri Mkuu mwingine, Joseph Warioba.

Sisi watumishi wa serikali twalijua jambo hili katika ngazi zetu ndogo. Mtu hukaimu ukuu wa idara kwa mwaka au miwili, kisha huletwa mkuu kamili, naye kaimu hurudi kwenye meza yake. Makabidhiano ya karatasi huisha kwa siku moja. Makabidhiano ya moyo huchukua muda zaidi, na humalizika siku ile kaimu wa zamani anapoandika dokezo zuri kwa kazi ambayo sifa zake zitamwendea mwingine.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba hayo ni ya wakubwa. Kila mwaka viranja hukabidhi madaraka kwa wadogo zao na kurudi mstarini kama wanafunzi wengine. Kaka mkuu wa jana leo huambiwa achomekee shati na kijana aliyemfundisha kupiga kengele. Hapo ndipo hupimwa kama alikipenda cheo au aliipenda shule. Akichomekea shati bila maneno, kiranja mpya amepata nguvu ambayo mwalimu hawezi kumpa.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati ya mkutano wetu wa wahitimu. Katika ratiba iwekwe jioni moja ya hadithi, na wasimuliaji wawe wanafunzi. Sisi wazee, pamoja na wakurugenzi na wakuu wa idara waliomo kati yetu, tukae chini na kuitikia, hata kama hadithi tunaijua na hata kama msimuliaji ameruka mahali.