Chuo cha Ufundi na Leseni Yake: Kibali cha Kaunti Hakitoshi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na bahasha ya khaki mkononi. Alikuwa amesomea kufunga nyaya za umeme mwaka mzima katika chuo kimoja cha kibinafsi hapa Mombasa. Aliyelipa karo ni mamake, muuza mahamri na viazi karai. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti kizuri, chenye mapambo ya rangi ya dhahabu pembeni. Mkandarasi aliyepelekewa cheti hicho alikitazama mbele, akakigeuza nyuma, kisha akauliza swali moja tu: mtihani huu aliutahini nani? Kijana hakuwa na jibu. Cheti kilikuwa na saini ya mkurugenzi wa chuo na muhuri wa chuo, basi.

Nilikwenda naye hadi pale chuoni. Karani akatuonyesha karatasi iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu. Ilikuwa kibali cha biashara cha kaunti, halali, tena kimelipiwa. "Sisi tumesajiliwa," akasema. Hakusema uongo, wala hakusema kweli.

Kibali kile ndicho anachokata kinyozi, mwenye duka la nguo na mwenye mkahawa. Maana yake ni kwamba kaunti imepokea ada yake na biashara inafanyika mahali fulani. Kusajili jina la biashara au kampuni nako ni hivyo hivyo: umepewa jina, hujapewa ruhusa ya kufundisha. Ruhusa ya kufundisha ufundi nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Anayefungua chuo bila ya kupitia huko anavunja sheria hiyo, hata awe na vibali vya kaunti vya kujaza ukuta mzima.

Watu wetu wengi huchanganyikiwa hapa, na nawaelewa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo sasa huitwa vituo vya mafunzo ya ufundi, au VTC. Ndiyo maana utaona serikali za Kwale, Kilifi, Lamu na jirani zao zikijenga madarasa, zikiajiri walimu na kununua cherehani. Lakini kuendesha chuo si kukipa leseni. Hata VTC ya kaunti yenyewe hutakiwa iende TVETA ikakaguliwe na kusajiliwa kama chuo cha mtu binafsi.

Sasa tuseme umefika chuoni na umeonyeshwa leseni ya TVETA yenyewe. Usikimbilie kulipa. Isome. Tazama jina, kwa sababu kuna vyuo vyenye majina yanayofanana kama mapacha. Tazama ni chuo cha ngazi gani: kituo cha ufundi, chuo cha kiufundi au chuo cha anuwai. Tazama tarehe ya mwisho. Na tazama mahali. Chuo kilichokaguliwa mjini kikifungua tawi Ukunda au Malindi, lile tawi nalo lina majengo yake, vifaa vyake na walimu wake, na hivyo ndivyo vinavyokaguliwa. Usikubali kuambiwa "leseni iko makao makuu".

Kisha uliza juu ya kozi. Hili ndilo linalowaponza wengi zaidi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa barabara, na huku kozi unayoitaka haijaidhinishwa. Kimekubaliwa kufundisha ushonaji na ususi, lakini kwenye bango la barabarani kimeongeza umeme, umekanika na upishi. Mwalimu pia hutakiwa awe na leseni yake mwenyewe ya TVETA, mbali na ile ya chuo. Orodha ya vyuo vilivyokubaliwa iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, na simu uliyo nayo mkononi yatosha kuitazama kabla hujatuma pesa.

Swali la mkandarasi lilihusu mtahini, na hilo ni jambo jingine kabisa. Chuo hufundisha, mtihani wa kitaifa una wenyewe. Kuna Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, ambalo wengi wetu wa rika langu tulipitia mikononi mwake. Kuna CDACC, baraza lililoundwa na sheria ile ile ya 2013, ambalo hupima umilisi wa kazi kwa vitendo kwa ngazi: cheti ni ngazi ya tano na stashahada ni ya sita. Na kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, yenye mitihani ya gredi, ya tatu kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza. NITA ina kituo hapa Mombasa. Chuo kikikwambia "sisi hutahini wenyewe", omba ruhusa uondoke kwa heshima.

Kozi nyingine zina mlango wa pili baada ya TVETA. Uuguzi una Baraza la Wauguzi, na dawa zina Bodi ya Famasia na Sumu. Fundi wa umeme hupewa leseni ya kazi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, nayo hutaka kuona cheti kinachotambulika. Hapo ndipo yule kijana wetu alipokwama mara ya pili. Kwa sisi watu wa bahari, kozi za usalama za mabaharia ni lazima ziwe zimekubaliwa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA. Cheti cha ubaharia ambacho KMA haikitambui hakikupandishi meli yoyote. Na dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na Qatar, mafunzo na mtihani wao uko chini ya NITA, na wakala anayewasafirisha anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala na chuo wakiwa ni mtu mmoja mwenye ofisi moja, uliza maswali mara mbili.

Niseme neno kwa kamati zetu za misikiti na madrasa. Nimeona vyumba viwili vya madrasa vikitiwa cherehani na kompyuta za msaada, na mabinti wakafundishwa bure. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini binti yule akimaliza, atahitaji cheti cha mtahini wa taifa kama mwenziwe aliyelipa. Kama kamati haina uwezo wa kutafuta usajili, na iwasajili wanafunzi wake NITA wafanye mtihani wa gredi, au ishirikiane na VTC iliyo karibu. Kwa kamati iliyo tayari kusajili, maandalizi ni haya: hati ya kumiliki au kukodi jengo, ripoti ya afisa wa afya ya umma, mitaala iliyoidhinishwa, vifaa vinavyolingana na kozi, na walimu wenye vyeti. Ombi hupelekwa TVETA kwa mtandao, ada hulipwa, kisha wakaguzi huja kutazama. Choo kibovu kimoja kinaweza kurudisha nyuma kazi ya mwaka.

Walio na ufundi wa mikono na hawakuingia darasani wasidhani mlango umefungwa. Mchonga milango wa Lamu, fundi wa majahazi, mama aliyeshona buibui miaka ishirini: upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambapo mtu hupimwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Gharama ipo, na foleni ipo pia, lakini haitakiwi karo ya miaka miwili.

Kwa aliyekwisha liwa karo, malalamiko hupelekwa TVETA yakiwa na risiti, barua ya kukubaliwa chuoni na nakala ya cheti. Kijana wetu alikuwa amezitupa risiti zote isipokuwa mbili. Tumezipiga picha hizo mbili na kuzituma. Karo haijarudi. Mamake amemlipia ada ya mtihani wa NITA, gredi ya tatu, na jioni kijana hushinda na fundi mmoja wa Bamburi akijikumbusha kazi.